Matrakçı Nasuh, Mchoraji wa Miji: Maisha Yake, Kazi Yake na Faida Yake kwa Miji Mipya kama Segese

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (S.W), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ahali zake na masahaba zake.

Makala hii inamzungumzia Matrakçı Nasuh, Muislamu wa karne ya 16 aliyeichora miji kwa namna ambayo mwenye kuitazama huuona mji mzima kwa pamoja: kuta na milango, misikiti na masoko, mito, bustani na makaburi. Tumemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa kazi yake inagusa suala linaloulizwa mara kwa mara, nalo ni hukumu ya kuchora. Ya pili ni kuwa familia nyingi za Unguja na Pemba zina vijana wao katika ukanda wa dhahabu wa Bara, huko Kahama, Geita na miji midogo kama Segese. Huko misikiti na makaburi ya Waislamu mara nyingi huwekwa juu ya ardhi isiyokuwa na mchoro wala hati. Tutaanza na maisha ya Nasuh, kisha kazi yake, kisha tutaeleza inavyotuhusu sisi.

Matrakçı Nasuh ni nani?

Jina lake ni Nasuh bin Karagöz bin Abdullah al-Bosnawi. Nisba hiyo ya mwisho inaonesha kuwa asili yake ni Bosnia, na mji unaotajwa zaidi ni Visoko. Mwaka wake wa kuzaliwa hukisiwa kuwa karibu na 1480. Alisomeshwa Istanbul katika Enderun, yaani skuli ya ndani ya kasri, zama za Sultan Bayezid wa Pili. Wengi wa wanafunzi wa skuli hiyo waliletwa kwa utaratibu ulioitwa devshirme, ambao dola ya Uthmaniyya ilichukua vijana wa familia za Kikristo katika nchi za Balkan, ikawasilimisha na kuwalea kwa utumishi wake. Utaratibu huo wazee hawakuwa na hiyari nao, na hatuutaji hapa kuwa ni mfano wa kuigwa. Tunautaja kwa kuwa ndiko walikotoka wengi wa mafundi, mawaziri na majemedari wa dola ile.

Laqabu ya "Matrakçı" imetokana na matrak, mchezo wa kupigana kwa fimbo uliotumika kuwafunza askari upanga. Mwenye kuufahamu mchezo wetu wa kirumbizi hatopata tabu kuufikiria. Nasuh alikuwa bingwa wa mchezo huo, na mwaka 1529 aliandika kitabu kuhusu silaha na namna ya kuzitumia, Tuhfat al-Ghuzat. Mwaka uliofuata, katika sherehe za kutahiriwa watoto wa Sultan Suleiman, alitengeneza ngome mbili za karatasi na kuonesha vita vya mchezo mbele ya watu. Sultan alimpa waraka rasmi wa kumtambua kuwa ni ustadhi katika fani hiyo.

Kabla ya hapo alikuwa mtu wa hesabu. Mwaka 1517 alimtungia Sultan Selim wa Kwanza kitabu cha hesabu, na mwaka 1533 akatoa kingine, Umdat al-Hisab. Ndani yake mna njia kadhaa za kuzidisha, ikiwemo ile ya kugawa jaduweli kwa visanduku. Makarani wa hazina walihitaji elimu hiyo kwa ajili ya kodi, mishahara na vipimo vya ardhi. Juu ya hayo alikuwa khatati mwenye mwandiko mzuri, na aliifasiri kwa Kituruki Tarikh ya Imam al-Tabari. Alifariki mwaka 1564, sawa na 971 Hijria. Mwaka 2014, ilipotimia miaka 450 tangu kufa kwake, UNESCO iliiweka kumbukumbu hiyo katika orodha yake.

Tumeorodhesha haya ili msomaji aone kuwa mchoraji huyu alikuja kwenye kalamu ya rangi akiwa na hesabu, historia na khati. Hakuna katika hizo ambayo haikuonekana baadaye katika kazi yake.

Safari ya Iraq mbili

Mwaka 1534 Sultan Suleiman alitoka Istanbul kwenda kupigana na Masafavi. Jeshi lilipita Anatolia, likafika Tabriz, likaendelea hadi Baghdad, ambayo iliingia mikononi mwa Uthmaniyya mwishoni mwa mwaka huo huo. Sultan alirudi Istanbul mwaka 1536. Safari hiyo iliitwa safari ya Iraq mbili, yaani Iraq ya Waarabu na Iraq ya Waajemi.

Nasuh alikuwemo. Matunda yake ni kitabu kijulikanacho kwa ufupi kama Bayan-i Manazil, yaani maelezo ya vituo, kilichokamilika 1537. Nakala yake imehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Istanbul. Kitabu kinataja vituo ambavyo jeshi lililala na masafa kati ya kimoja na chengine, na kina picha zaidi ya mia. Imo Istanbul yenyewe pamoja na Galata ng'ambo ya pili ya maji. Imo Tabriz, imo Halab, imo Diyarbakır, imo Baghdad na mto wake wa Tigris, na imo miji midogo ambayo huenda hakuna mtu mwengine aliyeichora zama zile.

Baadaye aliandika na kuchora kuhusu vita vya Hungary vya mwaka 1543 na safari ya manowari za Uthmaniyya katika bahari ya Mediterania. Humo zimo bandari kama Nice, Toulon na Genoa.

Namna alivyochora

Mwenye kuitazama picha yake ya Istanbul kwa mara ya kwanza huweza kuona kuwa haikukaa sawa. Ufukwe na njia kuu zinaonekana kama mtu yuko juu angani, lakini misikiti inaonekana ubavuni, na kuba na minara yake imesimama. Majengo mengine yamelala upande, kwa sababu yamechorwa kwa kufuata njia yanakoelekea. Hakujaribu kumpa msomaji jicho moja lililosimama pahala pamoja. Alitaka kila jengo muhimu litambulike kwa sura yake, na pia lijulikane limekaa wapi kwa kulinganisha na jirani yake. Ni kazi ya mtu anayehesabu vitu vilivyopo.

Hapa lazima tuwe waadilifu. Wapo wataalamu wanaosema kuwa picha zote zile haziwezi kuwa za mkono mmoja, na kuwa alisaidiwa na wachoraji wengine. Hilo halipunguzi kitu. Kinachobaki ni kuwa kitabu kimejengwa juu ya safari iliyosafiriwa na mji uliofikiwa.

Faida ya kazi hiyo inaonekana katika mji wa Sultaniyya, ulioko Iran ya leo. Kilichosimama pale mpaka sasa ni kuba kubwa la kaburi la Oljeitu, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14. Majengo mengine mengi yaliyolizunguka, ukiwemo msikiti mkubwa, hayapo tena. Wanahistoria wanaotaka kujua mji ule ulikuwaje huurudia ukurasa wa Nasuh, kwa sababu yeye alivichora vilivyokuwepo wakati vipo. Msikiti umeondoka, ushahidi wake umebaki.

Miji isiyokuwa na watu, na hukumu ya kuchora

Jambo la kushangaza katika picha za Nasuh ni kuwa hazina watu. Jeshi zima lilipita, masoko yamechorwa, milango iko wazi, lakini hakuna mwanadamu hata mmoja. Wapo wanaosema kuwa aliwaacha kwa kuogopa makatazo ya sharia. Sisi hatudai hivyo, kwa sababu katika baadhi ya kurasa wamo wanyama na ndege porini na majini. Lau makusudio yake yangekuwa ni kujiepusha na kila chenye roho, na hao wangeachwa.

Ama hukumu yenyewe, jamhuri ya wanachuoni wanakataza kuchora vyenye roho. Imam al-Nawawi, ambaye vitabu vyake vinasomwa sana katika vyuo vyetu, amelieleza hilo katika sherhe yake ya Sahih Muslim, na akabainisha kuwa kuchora miti na mfano wake katika visivyo na uhai si haramu. Asili ya ubainifu huo ni riwaya ya Ibn Abbas (R.A). Alijiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa ni kutengeneza picha. Akamweleza aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W) ya kukataza. Alipoona mtu yule amefazaika, akamuelekeza, akiwa hana budi, achore miti na kila kisichokuwa na roho. Riwaya hii imo katika Bukhari na Muslim.

Kwa hivyo kuchora nyumba, njia, misikiti, mito na milima ni jambo la halali lisilo shaka. Na zaidi ya uhalali, lina asili katika mafundisho. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Ibn Mas'ud (R.A) kuwa Mtume (S.A.W) alichora mraba chini, akapiga msitari uliotoka nje yake na misitari midogo ya pembeni, ili awaeleze masahaba kuhusu binaadamu, ajali yake na matumaini yake. Mchoro ulitumika kufundisha.

Kilwa na Mombasa katika kitabu cha Wazungu

Msomaji huenda akauliza kama miji yetu ya pwani ilichorwa zama zile. Jawabu ni kuwa ilichorwa, lakini kwa njia nyengine. Mwaka 1572, katika mji wa Köln, Georg Braun na mchongaji Frans Hogenberg walitoa juzuu ya kwanza ya kitabu kikubwa cha picha za miji ya dunia, ambacho juzuu zake zilifika sita ilipofika 1617. Katika juzuu hiyo ya kwanza upo ukurasa wenye Aden, na chini yake Mombasa, Kilwa na Sofala.

Braun alikuwa mtu wa kanisa, hakufika Kilwa wala Mombasa. Picha za miji ya mbali walizipata kwa michoro na maelezo ya wengine. Na waliokuwa na khabari za pwani hii wakati ule ni Wareno, ambao mwaka 1505 waliziteka Kilwa na Mombasa na kuzipora. Mji wenye misikiti, wanachuoni na wafanyabiashara, ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 na kuusifu, ukaingia katika vitabu vya dunia kwa kalamu ya watu wasiouona.

Braun pia aliandika sababu moja ya kuweka sura za watu mbele ya picha zake. Alidai kuwa Waturuki hawatoweza kuzitumia ramani hizo kwa vita, kwa vile dini yao inawakataza kutazama sanamu za wanadamu. Hakujua kwamba miaka 35 kabla yake Muislamu wa Istanbul alikwishakamilisha kitabu cha miji, tena bila ya mwanadamu ndani yake, na hakuwa na haja ya kuangalia cha mtu.

Tofauti ya kazi mbili hizi ndiyo tunayotaka msomaji aishike. Katika sharia, asili ya ushahidi ni mtu kushuhudia alichokiona na kukijua. Mji usiochorwa na watu wake huja kuchorwa na wengine, na huchorwa kwa haja za hao wengine.

Segese na miji inayofanana nayo

Segese ni kata katika Halmashauri ya Msalala, wilaya ya Kahama, mkoa wa Shinyanga. Mgodi mkubwa wa Bulyanhulu uko katika halmashauri hiyo hiyo, na wachimbaji wadogo wametapakaa katika ukanda wote mpaka Geita. Ardhi ni ya Wasukuma, wakulima na wafugaji. Dhahabu imewaleta watu wa kila upande, wakiwemo ndugu zetu wa visiwani, wengine wakiuza nguo na vyakula, wengine wakiingia katika uchimbaji wenyewe.

Miji ya namna hii ina tabia yake. Dhahabu ikisikika pahala, watu humiminika kwa siku chache, na wenyewe huita rashi. Maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, hufunguliwa, maturubai na mabati husimama, duka hufuatia, na kabla ya mwaka kwisha pana soko. Waislamu wakifika kumi au ishirini hutafuta pahala pa kusali. Mwenye shamba huwapa kipande kwa maneno, mashahidi wawili watatu wanakuwepo, na sala inaanza. Akifa mtu, hutafutwa pembe ya kuzikia.

Tabu huja baadaye. Aliyetoa ardhi hufariki, na warithi wake hawakuwepo siku ile. Mashahidi wamehamia rashi nyengine. Njia hupanuliwa, au leseni ya uchimbaji hutolewa juu ya eneo, na wanaofidiwa huandikwa kwa mujibu wa karatasi zilizopo. Msikiti wa mabati usiokuwa katika mchoro wowote huhesabiwa banda. Kaburi lisilokuwa na alama wala ramani huhesabiwa shamba. Mzee aliyeko Wete au Makunduchi, ambaye mwanawe amezikwa huko, akitaka kwenda kuzuru hana wa kumuonesha.

Sharia inasemaje?

Kwanza, mipaka. Imo katika Sahih Muslim, kwa riwaya ya Ali (R.A), laana kwa mwenye kubadilisha alama za ardhi. Na imo katika Bukhari na Muslim ahadi ya adhabu kwa anayechukua ardhi kwa dhulma, hata ikiwa ni shibiri moja. Alama ikiwa haipo, dhulma hupata njia hata bila ya mtu kukusudia. Kwa hivyo kuiweka alama na kuichora ni kuzuia dhulma kabla haijatokea.

Pili, njia. Mtume (S.A.W) aliamua kuwa watu wakizozana juu ya njia, iwekwe dhiraa saba. Hii ni mita tatu na kitu, kwa mizigo ya zama zile. Wanachuoni wamesema kipimo hiki ni cha pale panapozozaniwa, na kuwa panapohitajika zaidi huangaliwa haja. Funzo lake ni kuwa njia ina haki yake, nayo hupimwa.

Tatu, wakfu. Ardhi ikishawekwa wakfu kwa msikiti au makaburi haiuzwi wala hairithiwi, kama alivyofanya Umar (R.A) kwa ardhi yake ya Khaybar. Lakini wakfu unaokanushwa unahitaji kuthibitishwa. Maneno ya mwenye kutoa yanatosha mbele ya Allah (S.W), mbele ya baraza la ardhi yanatakiwa maandishi, mipaka na mashahidi.

Nne, kibla. Sisi wa Unguja na Pemba tumezoea kibla cha kaskazini takriban moja kwa moja, kwa kuwa Makka iko karibu katika msitari mmoja nasi. Segese iko mbali upande wa magharibi, na kutoka huko kibla huelekea kaskazini na kuinama mashariki kwa kiasi cha digrii 15. Anayetoka visiwani akajenga mihrabu huko kwa mazoea ya nyumbani atakuwa amepinda. Wanachuoni wamekhitalifiana kuhusu aliye mbali, kama anatakiwa kuielekea Kaaba yenyewe au upande wake unatosha, na waliosali kwa ijtihadi hatuwaambii warejee sala zao. Lakini kwa anayepiga msingi, na ana kifaa cha kupimia mkononi, kupima ndiyo wajibu wake.

Mambo ya kufanya

Haihitajiki kuwa Nasuh. Zinatosha karatasi, kamba ya kupimia na watu waaminifu.

1. Wazungukeni mipaka pamoja na aliyetoa ardhi, majirani wa pande zote nne, mwenyekiti wa kitongoji na wazee wa hapo.
2. Pimeni kila upande kwa mita na muandike. Chukueni pia alama za mahali kwa simu katika kila pembe.
3. Choreni msikiti, kisima, njia ya kuingilia, miti mikubwa na nyumba za jirani. Vitu hivi ndivyo vitakavyotambulisha pahala siku mpaka utakapopotea.
4. Makaburi yapewe safu na namba, na kila namba iwe na jina, mji wa asili na tarehe katika daftari.
5. Andikeni waraka wa wakfu, utiwe saini na mtoaji, warithi wake waliopo na mashahidi. Majirani watie saini kwenye mchoro wenyewe.
6. Nakala moja ibaki msikitini, moja ofisi ya kijiji, moja kwa wadhamini. Wadhamini wasajiliwe RITA, na maombi ya upimaji rasmi na hati yapelekwe halmashauri.

Kwa ardhi ya kijiji, utaratibu wake umo katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mchoro wenu haulingani na wa mpimaji wa serikali, lakini mpimaji akija atakuta pa kuanzia. Na kwa vijana wetu, hii ni fani ya kusomewa. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar zilishiriki katika kazi ya kuvipiga picha visiwa vyetu kwa ndege zisizo na rubani ili kutengeneza ramani mpya, na vijana wa hapa walifunzwa kuzirusha. Kijana anayejua kazi hiyo anaweza kuupima msikiti wa Segese na makaburi yake kwa siku moja.

Khatima

Nasuh aliingia katika kila mji akiwa mpita njia wa siku chache, akaacha ushahidi uliodumu karibu miaka 500. Ndugu zetu wa Segese wanakaa huko miaka, wanasali huko na wanazikana huko. Tunawausia walioko huko waanze na makaburi, kwani hao ndio wasioweza kujisemea. Na tunawausia wazee wa visiwani wawaulize watoto wao suala hili wanapopiga simu: msikiti wenu umeandikwa?

Tunamuomba Allah (S.W) amrehemu Nasuh na waja wema wote waliotangulia, azihifadhi misikiti yetu na wakfu zetu, na awarejeshe salama walio safarini. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.